UZI: Kabla hujahesabu sura kwenye filamu bubu, kagua kwanza mkanda na kadi zake

#1 RiliMoja

Wakuu, salaam.

Kila mjadala wa nani alipewa nafasi kwenye tamthilia za filamu bubu unapita njia ile ile. Mtu anataja filamu tano, anahesabu weusi wangapi, Waasia wangapi, Wamarekani wa asili wangapi, kisha anatoa hukumu juu ya miaka yote ya sinema bubu. Hesabu hiyo ina tobo. Sura tunazoziona leo ni za mikanda iliyobahatika kubaki, na hata iliyobaki mingi ilishapitiwa na mkasi wa mkaguzi au kalamu ya msambazaji.

Namba kwanza. Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti mwaka 2013. Filamu ndefu bubu za Marekani za kati ya 1912 na 1929 zilikuwa karibu 11,000, na zilizobaki kamili katika umbo lake la awali la milimita 35 ni asilimia 14 tu. Kwa filamu za watu weusi hali ni mbaya zaidi. Oscar Micheaux, mtengenezaji mweusi aliyefanya kazi nyingi kuliko wenzake wote wa enzi ile, alitoa filamu bubu zaidi ya 20. Zimebaki tatu: Within Our Gates (1920), The Symbol of the Unconquered (1920) na Body and Soul (1925). The Homesteader ya 1919, aliyoanzia, haipo. Lincoln Motion Picture Company, kampuni ya ndugu wawili Noble na George Johnson iliyoanza 1916, imetuachia vipande vya dakika chache tu vya By Right of Birth (1921).

Within Our Gates inastahili kutazamwa kwa karibu. Ilikuja Chicago Januari 1920, miezi sita baada ya ghasia za rangi za Julai 1919 zilizoua watu 38 mjini humo. Bodi ya ukaguzi iliikataa kwanza, ikihofia tukio la familia nyeusi kunyongwa na genge la wazungu. Baadaye ikaruhusiwa ikiwa imekatwa. Kila mji ukawa na toleo lake kutegemea mkaguzi wake alikuwa na mkasi mkali kiasi gani, kisha ikapotea kwa miongo mingi.

Nakala pekee ilipatikana Hispania ikiwa na jina La Negra. Kadi zake, yaani yale maandishi yanayokatiza picha, zote zilikuwa za Kihispania isipokuwa nne. Maktaba ya Bunge ilipoirudisha 1993 ililazimika kutafsiri Kihispania kurudi Kiingereza, huku lugha ikipimwa kwa riwaya za Micheaux mwenyewe. Kwa hiyo anayenukuu kadi za filamu hiyo, sehemu kubwa ananukuu tafsiri ya tafsiri. Picha ni za Micheaux. Maneno yamezunguka bahari mara mbili.

Ndiyo maana matukio yasiyotegemea kadi ndiyo ushahidi mzito zaidi. Mtazameni mchungaji Old Ned. Yuko ofisini na wazungu, anawaambia wanachotaka kusikia kuhusu mweusi na siasa, anapigwa teke la makalio, anacheka. Anatoka, mlango unafungwa nyuma yake, na hapo tabasamu linaporomoka kama kitambaa kilichokatwa kamba. Ndipo kadi inakuja kumfanya Esau aliyeuza haki yake kwa chakula cha dengu. Hata ukiiondoa kadi hiyo, uso wake umeshasema yote.

Karibuni tuchambue.

#2 MwangaHafifu

Nakazia upande wa mkanda wenyewe, maana watu wengi wanasoma rangi ya ngozi kwenye filamu hizi kana kwamba wanaangalia picha ya simu.

Sehemu kubwa ya enzi ya bubu ilipigwa kwa mkanda wa orthokromatiki. Mkanda huo unaona buluu na kijani, nyekundu hauioni. Mdomo uliopakwa rangi nyekundu hutoka mweusi, mbingu ya buluu hutoka nyeupe pee, macho ya buluu yanageuka kama ya kipofu. Ngozi ya kahawia yenye wekundu ndani yake inazama kwenye kivuli kuliko ilivyokuwa mbele ya kamera. Mpiga picha akipima mwanga kwa uso wa mzungu, mweusi aliyesimama pembeni anabaki meno na macho. Mkanda wa pankromatiki, unaoona rangi zote, Kodak walianza kuuuza kama bidhaa ya kawaida 1922, na studio zikauhamia kwa wingi kuanzia kama 1926.

Halafu kuna suala la kizazi cha nakala. Kila ukinakili nakala, weupe unazidi kuwa mweupe na weusi unafunga. Nakala ya tatu au ya nne inaweza kumla mwigizaji mwenye ngozi nyeusi hadi usijue anaonyesha hisia gani. Mtu akisema "huyu mwigizaji hakuwa na mbinu za uso", muulize kwanza ametazama nakala ipi.

Masizi ambayo wazungu walijipaka ili waigize weusi nayo yana alama zake. Yalikuwa kizibo cha chupa kilichochomwa, kikasagwa na kupakwa usoni. Unga huo haung'ai, unakula mwanga. Tazama paji la uso na mgongo wa pua: ngozi halisi ina mng'ao hapo, uso wa masizi hauna. Kisha shuka shingoni nyuma ya sikio, mpaka wa wigi na paji, na kifundo cha mkono pale mkono wa shati unapopanda. Rangi huishia ghafla. Kwenye The Birth of a Nation (1915) wahusika wakuu weusi, Gus na Silas Lynch wakiwemo, ni wazungu waliopakwa, huku weusi halisi wakijazwa nyuma kwenye umati. Ukisimamisha picha utawaona wote wawili ndani ya fremu moja, na tofauti haihitaji utaalamu.

#3 Kinara_wa_Kona

Shukrani mkuu #2. Naomba kuuliza: nimeona mchekeshaji Bert Williams akitajwa mahali pengi kuwa naye alipakwa masizi. Si alikuwa mweusi? Alijipaka ya nini?

#4 MwangaHafifu

Ndiyo, alikuwa mweusi, na alijipaka. Jukwaa la vichekesho alikotokea lilikuwa limeshazoesha watazamaji wazungu kuwa mchekeshaji "mweusi" ni lazima awe na masizi, hata kama ngozi yake tayari ni nyeusi. Kwake yalikuwa vazi la kazi.

Tazama picha za 1913 alizopiga na kampuni ya Biograph mjini New York, zinazojulikana sasa kama Lime Kiln Club Field Day. Hazikumaliziwa wala kutolewa. Zilikaa kwenye makopo hadi jumba la makumbusho la MoMA lilipozichukua Biograph mwishoni mwa miaka ya 1930, na umma ukazitazama 2014. Zaidi ya saa nzima ya vipande, na mara nyingi shoti moja inarudiwa, kwa hiyo unaona kazi ikifanyika. Williams amepakwa, karibu wenzake wote hawakupakwa: wamevaa suti na kofia nzuri, wanacheza kwa madaha, na mwishoni kuna busu kati ya Williams na Odessa Warren Grey. Mwaka 1913! Inaelekea masizi ya mmoja yalikuwa bei iliyolipwa ili wengine waingie na sura zao wenyewe.

Sam Lucas aliyemo humo ndiye aliyekuja kucheza mtumwa Uncle Tom kwenye Uncle Tom's Cabin ya 1914. Kwenye toleo la 1903 la hadithi hiyo hiyo, nafasi ile ilichezwa na mzungu mwenye masizi.

#5 BiKadi

RiliMoja umegusa kadi, niongezee mfano mkali kuliko wote.

The Cheat ya Cecil B. DeMille ilitoka 1915. Sessue Hayakawa anacheza tajiri Mjapani aitwaye Hishuru Tori, anamkopesha mwanamke wa Kizungu fedha, mwanamke akitaka kumrudishia anakataa na kumchoma begani kwa muhuri ule ule anaotia kwenye vitu vyake. Wajapani wa Marekani walilalamika sana. Mwaka 1918 filamu ikatolewa upya. Wakati huo Japani ilikuwa mshirika wa Marekani vitani, kwa hiyo Tori ikawa lazima apotee.

Hawakupiga shoti hata moja upya. Walibadilisha kadi. Tori akawa Haka Arakau, mfalme wa pembe za ndovu kutoka Burma. Nguo zile zile, muhuri ule ule, mlango wa karatasi wa Kijapani ule ule. Na nakala tunazotazama leo zimetokana na toleo hilo la 1918, ndiyo maana makala nyingi zinamwita Mburma bila kushtuka. Ukiwa unaandika takwimu za "Wajapani kwenye tamthilia za 1910 hadi 1920", huyu utamweka wapi?

Kanuni ninayoishikilia: kwenye filamu bubu taifa la mhusika liko kwenye kadi, mwili wa mwigizaji uko kwenye picha. Viandike kwenye safu mbili tofauti.

Jaribuni kwa The Thief of Bagdad ya 1924. Mwana wa mfalme wa Uajemi ni Mathilde Comont, mwanamke Mfaransa mwenye masharubu ya bandia. Mwana wa mfalme wa India ni Noble Johnson, yule yule mwanzilishi wa Lincoln, Mmarekani mweusi. Mwana wa mfalme wa Wamongolia ni Sojin, Mjapani. Mjakazi wa Kimongolia ni Anna May Wong, Mmarekani mwenye asili ya China aliyezaliwa Los Angeles. Ukiwa na safu moja tu, jedwali lako ni uongo kuanzia mstari wa kwanza.

#6 Fremu18

BiKadi hiyo ya safu mbili naichukua. Ila ongeza ya tatu: nani anamiliki kampuni.

The Scar of Shame (1927) ina waigizaji weusi watupu na inazungumzia matabaka ndani ya jamii ya weusi wenyewe, wasomi dhidi ya watu wa chini. Iliyoitengeneza ni Colored Players ya Philadelphia, na kwa jina utadhani ni ya weusi. Mtaji na mwongozaji walikuwa wazungu. The Flying Ace (1926) ya Jacksonville, Florida, nayo ina weusi watupu, rubani shujaa na mpelelezi, mmiliki mzungu Richard Norman. Hii imebaki nzima. Ndege yake haikuruka hata siku moja, matukio ya "angani" yalipigwa chini kwa ujanja wa kamera. 

The Daughter of Dawn (1920) ni hivyo hivyo kwa upande mwingine: zaidi ya watu 300 wa Kiowa na Comanche, wamekuja na mahema, nguo na farasi wao wenyewe, Oklahoma. Mwongozaji Norbert Myles, mzungu. Hadithi ni ya mapenzi ya kawaida kabisa, ila vitu vilivyomo kwenye fremu ni vya kweli kuliko filamu yoyote ya ng'ombe na bastola ya wakati ule. Kwa upande wa James Young Deer na Lillian St. Cyr wa kabila la Ho-Chunk, aliyejulikana kama Red Wing, hao walikuwa wanatengeneza na kuigiza wenyewe; White Fawn's Devotion ya 1910 ni ya Young Deer.

#7 SimbaMchovu

Wakuu mnamsifu Micheaux kupita kiasi. Naye alikuwa na ubaguzi wake. Wahusika wema kwake ni maji ya kunde, mabaya ni weusi tii. Hilo halihitaji kadi wala mkanda.

#8 RiliMoja

Hoja hiyo ni ya kweli kwa nusu, mkuu, na weusi wenzake waliisema tangu wakati ule.

Lakini fuata kwenye filamu tatu zilizobaki. Kwenye The Symbol of the Unconquered mwovu mkubwa, Driscoll, ni mweusi mwenye ngozi nyeupe anayejipitisha kama mzungu na kumkana mama yake mzazi. Kwenye Body and Soul, Paul Robeson anacheza watu wawili: mchungaji tapeli na ndugu yake Sylvester, mvumbuzi mpole. Ngozi moja, mwema na mwovu. Na kwenye Within Our Gates, Efrem anayewachongea wenzake kwa mwenye shamba anaishia kunyongwa na wazungu wale wale aliojipendekeza kwao. Kwa hiyo mstari upo, ila haujanyooka unavyousema.

Tena, tunahukumu mtu kwa filamu tatu kati ya ishirini na ushee. Na kwenye The Symbol, sehemu ya kilele ambako Ku Klux Klan, lile genge la wazungu wabaguzi, wanafukuzwa haipo kwenye nakala iliyobaki, iliyopatikana Ubelgiji. Tukio lililoiuza filamu kwenye matangazo ndilo tusilolionalo.

Body and Soul nayo ilikataliwa na wakaguzi wa New York mara ya kwanza kwa sababu ya mchungaji mlevi na mwizi. Micheaux akaikata upya. Ule mwisho ambapo mama Martha Jane anaamka na kukuta yote yalikuwa ndoto, usiuchukue kama udhaifu wa hadithi kabla hujaupima na historia hiyo.

#9 BiKadi

Kuhusu Anna May Wong, kwa kuwa ametajwa juu: anzeni na The Toll of the Sea (1922). Alikuwa na miaka 17, ndiye mhusika mkuu, na filamu nzima ni ya rangi.

Rangi zenyewe ni mbili, nyekundu na kijani. Kamera ya Technicolor iligawa mwanga kwa prizimu na kupiga fremu mbili kwa mpigo. Nakala ya kuonyesha ilikuwa mikanda miwili myembamba iliyogundishwa mgongo kwa mgongo, mmoja umetiwa rangi ya machungwa, mwingine buluu ya kijani. Tatizo lilikuja sinemani: joto la taa liliubinua mkanda kama kikombe, picha ikawa inaingia na kutoka kwenye fokasi, na mikwaruzo ikawa pande zote mbili. Lakini kwa ngozi rangi hizo ni nzuri. Uso wa Wong una joto ambalo mkanda wa orthokromatiki ungelifuta. Buluu safi na njano safi ndizo hazipo.

Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kiliirudisha 1985 kutoka negativu yenyewe. Kipande cha mwisho kilikuwa kimepotea, wakapiga bahari upya kwa kamera ya zamani ya rangi mbili. Kwa hiyo maji yale ya mwisho hayakuwahi kumwona Anna May Wong.

Hadithi yenyewe ni ile ile: mwanamke wa Kiasia anaachwa na mzungu, anawaachia wengine mtoto wake, anajiua. Kwa nafasi za namna hiyo alichoka, 1928 akaenda Ulaya.

#10 Kinara_wa_Kona

Na sisi huku? Afrika Mashariki haimo kabisa?

#11 Fremu18

Imo, ila ni ya kuanzishia uzi wake. Kwa kifupi: mradi wa filamu wa enzi ya ukoloni uitwao Bantu Educational Kinema Experiment, 1935 hadi 1937, makao Vugiri, Usambara. Filamu 35, nyingi za mafunzo, nyingine zenye hadithi na waigizaji wenyeji. Mkanda wa milimita 16 usio na sauti, maneno kwenye sahani za santuri, Kiswahili kikiwemo, zikizungushwa kwa lori. Zimebaki chache sana.

"Afrika" ya Hollywood ni habari nyingine. Tarzan of the Apes (1918) ilipigwa Louisiana, karibu na Morgan City, na Waafrika wake ni Wamarekani weusi wa pale.

#12 Kinara_wa_Kona

Asante. La mwisho: nataka kuweka manukuu ya Kiswahili kwenye Within Our Gates kwa ajili ya klabu ya sinema. Nimepakua faili la manukuu la Kiingereza nikaanza kutafsiri, lakini yanaachana na picha kadiri inavyokwenda. Dakika ya kwanza sawa, mwishoni yamepishana dakika kadhaa.

#13 Fremu18

Kasi, mkuu. Filamu bubu hazikuwa na kasi moja, zilionyeshwa kati ya fremu 16 na 24 kwa sekunde. Futi moja ya milimita 35 ina fremu 16, rili ya futi 1,000 ina fremu 16,000. Kwa fremu 16 kwa sekunde rili hiyo ni dakika 16 na sekunde 40. Kwa 18 ni dakika 14 na sekunde 49. Kwa 20 ni dakika 13 na sekunde 20. Kwa 24 ni dakika 11 na sekunde 7. Faili lako limetengenezwa kwa nakala ya kasi nyingine.

Tafuta kadi moja mwanzoni na moja mwishoni, andika muda wake kwenye video na kwenye faili. Gawa umbali wa video kwa umbali wa faili, zidisha muda wote kwa jibu hilo. Faili la kasi ya 18 kwenye nakala ya kasi ya 20 linazidishwa kwa 0.9: kadi ya dakika ya 40 inahamia ya 36. Kama baada ya hapo bado inaruka ghafla mahali pamoja, siyo kasi tena. Kuna kipande kimepungua kwenye nakala moja, kata faili hapo na usogeze nusu ya pili peke yake.

#14 BiKadi

Na lugha. Efrem na wengine wa shambani wameandikiwa Kiingereza cha matamshi yaliyovunjwa. Usikigeuze kuwa Kiswahili cha kuchekesha cha "mshamba" wa michezo ya redioni. Kihispania hakikuwa na lahaja hiyo, na warudishaji waliijenga upya kwa kukisia, kwa hiyo huna wajibu wa kuibeba. Kiswahili chepesi, sentensi fupi, basi.

Neno "race" lina mtego. Mara nyingi wanaposema watu wa "race" wanamaanisha weusi wenyewe kama jamii, "watu wetu". Ukiandika "mbari" klabu nzima itakuangalia.

Mistari miwili, herufi zisizozidi 42 kwa mstari. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo punguza viunganishi kwanza.

Hakimiliki ya filamu yenyewe ilishaisha. Muziki uliowekwa baadaye na kadi mpya vinaweza kuwa na mwenyewe, angalia kabla ya kuonyesha hadharani.

Na kuna kadi moja katikati inayosimulia kipande kilichopotea. Hiyo imeandikwa na warudishaji. Itie mabano ya mraba, watazamaji wasije wakadhani ni Micheaux anayesema.